Enaji seva nyumbani: kuifunga, kuitumia na kuiondoa bila kuvunja kioo

Maswali ya enaji seva ninayoletewa ni yale yale. Taa imeungua kabla hata ya miezi mitatu. Taa inametameta usiku na swichi imezimwa. Na lile linaloletwa kwa haraka kuliko yote: "Imeanguka ikavunjika chumbani kwa mtoto, nimeshafagia, sasa nifanyeje?" Hapo kwenye "nimeshafagia" ndipo watu wengi wanapokosea, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu mrefu.

Jambo la kulishika kwanza ni hili. Ndani ya kioo cha enaji seva mna zebaki kidogo, ile metali ya majimaji yenye mvuke wa sumu, kwa kawaida miligramu 5 au pungufu. Kipimajoto cha kioo cha zamani kilikuwa na takriban miligramu 500. Kwa hiyo taa moja haiui nyumba nzima kama wanavyotishana watu kwenye WhatsApp, lakini pia si ya kuchezea. Kioo kikiwa kizima zebaki haitoki. Kazi yote basi, tangu dukani hadi siku unapoikabidhi kwa mpokeaji wa taka za umeme, ni kukilinda hicho kioo.

## Andaa hivi kwanza

Vya kufunga na kufungua taa:

- ngazi au meza isiyoyumba. Kiti cha plastiki hapana, miguu yake hutanuka mtu akisimama na kunyoosha mikono juu
- kitambaa kikavu
- tochi
- kalamu ya wino usiofutika
- mtu wa kupokea taa kutoka juu

Vya kutunzia taa zilizokufa:

- ndoo ya rangi yenye mfuniko wake, iliyooshwa ikakauka
- magazeti ya zamani
- kwa tyubu ndefu: boksi lake, au kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 chenye vifuniko pande zote mbili

Vya dharura, vyote vikae pamoja mahali panapojulikana na kila mtu mzima nyumbani:

- chupa ya kioo yenye mdomo mpana na mfuniko wa kuzungusha, kama ya siagi ya karanga au ya asali. Mbili ni bora kuliko moja
- vipande viwili vya karatasi ngumu. Kadi za michango ya harusi zinafaa mno kwa kazi hii, na kila nyumba inazo
- selotepu pana
- tishu
- glavu za mpira za kuoshea vyombo

Maelekezo mengi ya Ulaya na Marekani yanakuambia utumie mfuko wa plastiki. Kwetu mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini hata ungekuwa nao, chupa ni bora. Mvuke wa zebaki hupenya plastiki nyembamba. Kioo chenye mfuniko uliokazwa haupenyi.

Barakoa sikuiweka kwa makusudi. Ya kitambaa au ya hospitali itapunguza vumbi, ila mvuke hupita. Anayeivaa hujiona salama, akakaa chumbani muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni enaji seva kweli

Siku hizi madukani karibu kila balbu huitwa enaji seva, hata ya LED. Tofauti ni kubwa, kwa sababu LED haina zebaki.

Enaji seva yenyewe ina bomba la kioo lililojisokota, au lililokunjwa mara mbili tatu kama miguu, juu ya kitako cha plastiki. Nyingine huvalishwa tufe la kioo cheupe juu ya bomba hilo, na ndizo zinazowachanganya watu. Tazama maandishi ya kwenye kitako: ukiona herufi Hg, hiyo ni alama ya zebaki. LED huwa na kuba la plastiki laini, na ukiigonga kwa kucha haitoi mlio wa kioo.

Tyubu ndefu za darini nazo ni za familia hiyo hiyo. Zikizeeka huwa nyeusi kwenye ncha.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuzunguka nyumba yako na kutaja kila taa ni ya aina gani. Kwenye kitako cha kila enaji seva andika mwezi na mwaka ulipoifunga. Kazi ya sekunde tano hiyo, na siku ikiungua utajua kama ilidumu miaka au ilikufa mapema, badala ya kubahatisha.

## Hatua ya 2: Iweke mahali panapoifaa

Enaji seva nzuri huandikwa saa 6,000 hadi 10,000. Ukiiwasha saa tano kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu. Inapokufa mapema, mara nyingi mahali ilipowekwa ndipo palipoiua.

Haipendi kuwashwa na kuzimwa kila mara, kwa sababu kila inapowaka nyaya za ndani hulika kidogo. Basi chooni na stoo hapafai, wala kwenye taa zinazowashwa na kihisi cha mtu kupita. Ngazi pia zinahitaji taa nyingine: enaji seva huchukua kama dakika moja kufika mwanga wake kamili, na mtu huteguka mguu ndani ya dakika hiyo. Kwenye baridi kama ya Makete au Limuru utaiona hafifu zaidi inapoanza.

Haipendi joto. Saketi iko kwenye kitako, na joto hupanda. Ukiifunga kichwa chini ndani ya bakuli la kioo lisilopitisha hewa, kitako kinapikwa polepole. Ukitaka kutumia bakuli la namna hiyo, lenye uwazi ndilo la kuchagua.

Haikubaliani na swichi ya kupunguza mwanga, ile ya kuzungusha, isipokuwa boksi lake limeandikwa wazi kwamba inakubali.

Halafu kuna mahali ambapo taa ingedumu vizuri tu lakini mimi siwezi kuiweka: juu ya kitanda cha mtoto, juu ya jiko na mitungi ya maji, na kwenye taa ya mezani inayoweza kupigwa kikumbo. Huko weka LED. Sebuleni, barazani penye paa na kwenye korido inayowaka jioni nzima, enaji seva inatosha.

Kuhusu ukubwa: pengo la balbu ya zamani ya wati 60 huzibwa na enaji seva ya wati 13 hadi 15, na la wati 100 huzibwa na ya wati 20 hadi 23. Kwa LUKU au tokeni hesabu ni rahisi. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula yuniti 9 kwa mwezi. Enaji seva ya wati 15 hula yuniti 2.25. LED ya wati 9 hula 1.35. Pale kwenye kuruka kutoka 9 hadi 2 ndipo faida kubwa ilipo. Kwa hiyo mtu asikutishe uzitupe enaji seva zako nzima ili "uokoe umeme".

Mwanga wa njano wa kupumzikia huandikwa 2700K, na mweupe wa dukani 6500K. Chumbani mwanga mweupe hukera macho usiku. Hilo ni suala la ladha, pita.

## Hatua ya 3: Ifunge kwa kushika kitako

1. Zima swichi, kisha zima na mein swichi. Katika nyumba nyingi fundi alipitisha kwenye swichi ya ukutani nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta). Taa inazimika, lakini umeme bado uko kwenye holda. Huwezi kujua kwa kutazama, kwa hiyo usitegemee swichi ya ukutani peke yake. Washa tochi.
2. Kama kuna taa ya zamani, iache ipoe. Dakika 15 zinatosha. Taa ya moto huteleza mkononi kwa sababu unaishika kwa woga.
3. Tazama holda. Ya pini na ya kuzungusha haziingiliani. Kama holda imegeuka kahawia au inamegeka, ibadilishe kwanza. Taa mpya kwenye holda iliyoungua itaungua pia.
4. Shika kitako cha plastiki. Usishike bomba la kioo hata kidogo. Nguvu ya kuzungusha ikipita kwenye kioo, hukatikia pale kinapoungana na plastiki. Sehemu kubwa ya taa zinazovunjika huvunjikia hapa.
5. Ya pini: sukuma, zungusha kidogo, achia. Ya kuzungusha: zungusha hadi ikatae, basi. Kukaza zaidi ni kujitafutia shida siku ya kuifungua.
6. Shuka ngazini ndipo uwashe mein swichi, kisha swichi.

Umefaulu ikiwa: inawaka ndani ya sekunde moja au mbili, mwanga unatulia ndani ya kama dakika moja, haiungurumi na haitoi harufu. Harufu ya plastiki katika saa ya kwanza, kama haiishi, maana yake izime na uirudishe dukani na risiti.

## Hatua ya 4: Soma dalili zake

Inameta hali imezimwa. Si jini. Kuna umeme mdogo unaovuja hadi kwenye saketi, unajikusanya ndani ya kapasita, ukijaa taa inametuka, kisha unaanza kujikusanya upya. Chanzo ni kimoja kati ya viwili: swichi yenye kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha ilipo gizani, au ile nyutro niliyoitaja. Swichi ya kitaa, weka ya kawaida. Ya nyutro, mwite fundi umeme ageuze waya, na uishukuru taa iliyokuonyesha hatari mapema.

Ncha za kioo zimekuwa nyeusi karibu na kitako. Uzee. Jiandae kuibadilisha.

Kitako kimegeuka kahawia, au kuna harufu ya kuungua. Hapa usisubiri ife. Zima, iache ipoe, itoe leo.

Zinakufa kila mara katika chumba kimoja tu. Angalia holda na bakuli. Zinakufa nyumba nzima, shida ni umeme wenyewe. Umeme ukikatika, zima swichi za taa na usiwashe mpaka dakika chache baada ya kurudi, maana unaporudi volti huruka. Kwenye inveta za bei nafuu za sola huweza kuunguruma na kufa mapema. Huko LED ndiyo ya kutumia.

Tyubu ndefu inacheza bila kuwaka. Kabla ya kuihukumu, badilisha stata, kile kikopo kidogo cha kuzungusha. Kinauzwa bei ndogo sana. Tyubu nyingi zinazotupwa hazina ugonjwa wowote, ni stata tu.

Na usizime taa kila unapotoka chumbani kama unarudi ndani ya robo saa. Kwa enaji seva, umeme unaouokoa hapo hauzidi uhai unaoupunguza.

## Hatua ya 5: Ikifa, itoe nzima

Rudia hatua ya 3 kinyumenyume: mein swichi, subiri ipoe, tandika gazeti chini, shika kitako. Mpe aliye chini mkononi. Usiidondoshe kitandani "kwa kuwa ni laini", maana hapo ndipo pabaya kuliko pote kuvunjikia.

Ikigoma kutoka, tumia kitambaa kikavu kuongeza mshiko kwenye plastiki. Ikiwa kioo kimeachana na kitako na kitako kimebaki kwenye holda, hakikisha mein swichi imezimwa, kisha ukitoe kwa koleo.

Mafundi wetu hufungua vitako hivi na kubadilisha kapasita au transista, taa ikarudi kuwaka. Kazi ya ufundi naiheshimu, lakini kioo hubanwa na kupindwa katika kukifungua, na kapasita ya ndani hubaki na chaji hata ikiwa mezani. Mtu asiyejua asijaribie sebuleni mbele ya watoto.

## Hatua ya 6: Ikivunjika

Soma sehemu hii leo, si siku hiyo.

Dakika kumi za kwanza ni za kuondoka. Watoe watoto, wajawazito, na paka, wasikanyage vipande. Zima pangaboi au AC, kwa sababu upepo wake unarusha poda kila pembe. Fungua madirisha na mlango wa nje, funga mlango unaoelekea vyumba vingine. Kisha na wewe toka, kwa dakika kumi. Mvuke ni mwingi zaidi mwanzoni, na hewa ya nje ndiyo inayoupunguza.

Usifagie. Fagio hukata vijichembe vya zebaki kuwa vidogo zaidi na kuvisambaza, kisha hubaki navyo kwenye njiti zake. Kesho asubuhi fagio hilo linafagia jikoni. Usipige deki mwanzoni, kwani maji yanapeleka poda kwenye mistari ya vigae. Mashine ya kufyonza vumbi nayo hapana. Hupuliza mvuke nyuma.

Ukirudi:

1. Vua pete na bangili za dhahabu. Zebaki hushikamana na dhahabu. Ndiyo sababu wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kunasa dhahabu kwenye mchanga, na pete yako haitapona. Vaa glavu na viatu.
2. Okota vipande vikubwa pamoja na kitako, weka ndani ya chupa.
3. Kusanya vidogo na poda nyeupe kwa kadi mbili, moja ikisukuma, nyingine ikipokea. Polepole, ukitoka nje kuja ndani, kuelekea katikati ya uchafu. Usitegemee kuiona zebaki yenyewe. Kwa kiasi hiki mara nyingi haionekani.
4. Gusa sakafu kwa selotepu upande wa gundi, ukianza na poda iliyobaki. Badilisha kipande kila kinapojaa.
5. Futa kwa tishu yenye unyevu. Unyevu tu, isidondoshe maji.
6. Kila ulichotumia kinaingia kwenye chupa: kadi, selotepu, tishu, na glavu zikiweza kuenea. Kaza mfuniko. Chupa itoke nje mara moja, ikae kivulini mbali na watoto.
7. Futa soli za viatu kwa tishu yenye unyevu, nayo iingie chupani. Nawa mikono na uso kwa sabuni.
8. Acha madirisha wazi kwa saa kadhaa. Kama nyumba ina nafasi, mtoto asilale chumba hicho usiku huo.

Sakafu ya udongo: kwangua tabaka la juu pale ilipoangukia, uliweke chupani. Saruji iliyopasuka: kandamiza selotepu ndani ya ufa mara kadhaa.

Mkeka: poda huingia katikati ya ukili. Usiukung'ute ndani, wala mlangoni. Ukunje upande uliochafuka uwe ndani, utoe nje, uutandaze mbali na wapita njia, uuguse kwa selotepu, na uuache hewani siku nzima au zaidi. Zulia nene ndilo gumu kuliko yote. Likiwa ni la chumba cha mtoto, mimi ningelitoa moja kwa moja.

Kitandani: kama imeangukia chandarua, usikitikise. Kishushe kwa kukikunja ndani, vipande vibaki katikati, ukitoe nje hivyo hivyo. Shuka au nguo iliyoguswa na vipande au poda isifuliwe, kwa sababu vijichembe vitaenea kwenye beseni au mashine na nguo nyingine. Ifungwe na itupwe pamoja na mabaki ya taa. Inauma, najua, hasa shuka ikiwa mpya. Nguo ulizovaa tu wakati wa kusafisha, zisizoguswa na poda, zifue kama kawaida.

Na wewe uliyekwisha fagia? Toka kwanza, pitisha hewa dakika kumi. Fagio lisirudi ndani: funga kichwa chake kwa gazeti na selotepu, ulitenge na taka nyingine. Kama vipande umevitia kwenye ndoo ya taka ya jikoni, ndoo itoke nje, vihamishie kwenye chupa. Kisha anza namba 3, ukipita njia yote fagio lilikopita.

Umefaulu ikiwa: ukilaza tochi sakafuni mwanga ukateleza juu ya sakafu, hakuna kinachong'aa wala weupe wa poda.

Kukatwa na kioo ni hatari ya kweli: osha jeraha, hakikisha hakuna kipande kilichobaki, nenda kituo cha afya likiwa la kina. Nenda pia mtoto akiwa ameweka vipande mdomoni, au mtu akianza kukohoa na kubanwa kifua. Kama si hivyo, taa moja katika chumba kilichopitishwa hewa haimpeleki mtu hospitali.

## Hatua ya 7: Tunza zilizokufa

Funga kila taa kwa gazeti, iweke kwenye ndoo ya rangi, kitako chini. Juu ya mfuniko andika kwa herufi kubwa: TAA ZILIZOKUFA, KIOO, USIVUNJE. Tyubu ndefu ziingie kwenye boksi la tyubu mpya au kwenye lile bomba la inchi 2, na zilazwe. Zikisimamishwa kwenye kona zitaanguka tu siku moja. Ndoo ikae stoo au chini ya ngazi ya nje, isiwe jikoni. Chupa za zilizovunjika zikae pembeni yake.

Mambo matatu yasifanyike.

Usichome. Najua ndivyo taka zinavyoisha katika nyumba nyingi, shimo nyuma ya nyumba na kiberiti jioni. Moto hupasua kioo na kugeuza zebaki yote kuwa mvuke kwa mara moja, na moshi huo unaingia dirishani kwako na kwa jirani.

Usitupe chooni, kisimani wala mferejini. Zebaki ikifika majini, vijidudu huibadilisha kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki, na samaki wakubwa wanaokula wenzao ndio hubeba nyingi zaidi. Huku pwani hao ndio papa, nduaro na jodari, tunaowapika kila wiki.

Usiwape watoto wala waokota chuma chakavu. Tyubu ikipasuka hutoa mlio mkubwa na watoto wanaupenda. Na anayetafuta shaba ndani ya kitako atavunja kioo kwanza.

## Hatua ya 8: Ikabidhi

Hapa nitasema ukweli bila kupamba: sehemu nyingi za Afrika Mashariki hakuna sanduku la kuwekea taa hizi dukani kama lilivyo Ulaya. Kuna njia, lakini zinataka subira.

Wanaosimamia taka hatarishi ni NEMC kwa Tanzania Bara, NEMA kwa Kenya na REMA kwa Rwanda. Uliza ofisi yao iliyo karibu ni nani mwenye leseni ya kupokea taka za umeme katika eneo lako. Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Popote unapopiga simu, uliza moja kwa moja: "Mnapokea enaji seva na tyubu?" Wapo wanaochukua kompyuta na simu tu.

Taa tatu hazimleti mtu na gari. Ndoo tatu zinaweza. Zungumzeni msikitini, kanisani, shuleni au na mwenyekiti wa mtaa, pawe na ndoo moja ya pamoja chini ya mtu mmoja anayeaminika. Ofisi kubwa na hoteli huwa na makubaliano na wapokeaji. Mhudumu wao wa matengenezo akiombwa vizuri aweza kuchukua na zenu.

Kama hakuna mpokeaji kabisa, endelea kuzitunza. Taa nzima ndani ya ndoo haina madhara hata ikikaa miaka.

Ukilazimika kuzitoa na gari la taka, zisiingie kwenye kiroba pamoja na maganda. Zifunge peke yake, umkabidhi mzoa taka mkono kwa mkono, umwambie ni taa za kioo zenye zebaki asizirushe. Kule kwenye majalala ya Pugu Kinyamwezi (Dar es Salaam) au Dandora (Nairobi) kuna watu wanaochambua taka kwa mikono mitupu. Ni njia ya mwisho, na si nzuri.

## Hatua ya 9: Weka LED mahali pake

Chini ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, nchi wanachama zilikubaliana kusitisha utengenezaji, uingizaji na usafirishaji wa enaji seva za kawaida za hadi wati 30 kufikia mwisho wa mwaka 2025, na tyubu ndefu zifuate, aina baada ya aina, hadi 2027. Kwa hiyo ukiona lundo la enaji seva sokoni kwa bei ya kutupa, elewa kwa nini. Usinunue. Zilizo nyumbani tumia hadi zife, isipokuwa zile za chumba cha mtoto na jikoni. Hizo badilisha mapema, uzihifadhi nzima.

Kwa balbu kazi ni nyepesi: itoe hii, weka ile. Tyubu ndizo zinazowaponza watu. Tyubu ya LED haiingii tu kwenye fremu ya zamani. Soma maelekezo kwenye boksi lake. Nyingine huja na stata yake ya bandia, ambayo lazima ichukue nafasi ya stata ya zamani. Nyingine hutaka choki (ile koili nzito ndani ya fremu) itolewe kabisa na nyaya ziunganishwe upya, na umeme huingilia upande mmoja au pande zote mbili kutegemea aliyeitengeneza. Hiyo ni kazi ya fundi umeme. Akimaliza, mwambie aandike ndani ya fremu kwa ile kalamu yako: HAINA CHOKI, LED TU. Mpangaji ajaye, akija na tyubu ya zamani mkononi, ataisoma kabla hajaichomeka.